Wavu Uliovishwa Suruali

Jumatatu asubuhi wavu ulichanika, na fundi akafurahi.

Hakuionyesha furaha hiyo, maana waliokuwa naye kwenye boti walikuwa wamekunja nyuso kama watu wa msibani. Wavu ulinasa kwenye pembe ya chuma ubavuni mwa boti, winchi ikaendelea kuvuta, na sehemu yote ya chini, ile inayobana kuelekea kwenye kopo la mkiani linalokusanya kilichovuliwa, ikapasuka kama shati la mtu aliyenenepa ghafla. Nahodha alipunguza injini akakuna kichwa. Mwenye kazi yenyewe, shemeji yake fundi, alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili akatazama kitambaa kikipepea majini.

“Basi,” akasema. “Nimekwisha.”

“Hujaisha, shem. Sasa ndio umefika kwangu.”

Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza kwenye kituo hicho cha utafiti wa bahari: majengo mawili ya bati, gati moja, boti moja. Shule aliiacha darasa la sita. Alishona nyavu, alitia mafuta winchi, alitengeneza pampu, vitasa na hata kiti cha mkurugenzi. Wataalamu walikuja na shahada zao wakaondoka nazo, yeye akabaki na spana zake, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Jambo hilo alilijua vizuri, na kama wewe hukulijua angekuambia kabla hujamaliza kumsalimia.

Shemeji alikuwa kitinda mimba wa kwao mkewe. Siku ya harusi ya fundi alikuwa mtoto wa miaka minne, akalala chini ya meza ya maharusi na kipande cha keki kimebanwa mkononi, na fundi hakuwahi kuacha kumkumbusha. Sasa alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mwenye shahada mbili, mkataba wa mwaka mmoja, na kazi ya kutafuta uduvi.

Uduvi anafanana na kamba aliyesahau kukua: mwili kama kioo, macho mawili meusi, urefu wa ukucha. Ukimshika mmoja mmoja hana maana. Lakini samaki wote wa pwani ile walinenepa kwa hao hao, na Jumamosi kamati ya uvuvi ingekaa kuamua ni eneo gani lifungwe kwa miezi minne, meli za kukokota nyavu zisiingie, uduvi wazaane, samaki wapate kula. Eneo moja tu. Wenye meli walishasema la pili wasisikie. Ramani ya kuamulia ingetoka kwa shemeji. Akikosea, pangefungwa mahali pasipo na kitu, na jiko lenyewe la uduvi lingekokotwa mpaka likauke.

“Kesho alfajiri utakuwa mzima?” shemeji aliuliza walipofika gatini.

“Nani, mimi au wavu?”

“Wavu. Wewe najua huponi.”

Fundi aliingia stoo. Kitambaa cha wavu ule kilikuwa kimekwisha tangu mwaka jana, na maombi ya kingine yalikuwa yanalala kwenye meza fulani huko makao makuu. Alichokuta ni robota ya kitambaa kingine, cheupe, laini, chenye matundu madogo zaidi, kilichobaki kutoka wavu wa kuvulia vijimea visivyoonekana kwa macho. Akakipapasa. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kama chenye matundu makubwa kinashika uduvi, aliwaza, hiki si ndio kitawashika na wajukuu zao? Akakata kipande kilichochanika chote, akakikunja na kukiweka juu ya kabati, maana hakuwahi kutupa kitu. Halafu akashona kipya mahali pake, na kwa kuwa ile pembe ya chuma ilikuwa bado inamkera, akakitia tabaka mbili.

Ilikuwa kazi safi. Mishono ilikaa sawasawa kama meno ya mtoto. Shemeji alipokuja jioni alikuta wavu umening'inizwa kwenye nguzo, juu una rangi ya kijivu, chini mweupe pe.

“Umeuvisha suruali,” akasema.

“Suruali ya harusi.”

“Ni kitambaa kile kile, shemeji?”

“Bora zaidi,” fundi akajibu. “Hapo hapenyi uduvi hata mmoja.”

Shemeji akaandika kwenye daftari: wavu umetengenezwa.

*

Jumanne na Jumatano walizunguka pwani. Shemeji alikuwa ameweka pointi sita: mbili kaskazini kwenye ghuba, mbili karibu na rasi, mbili kusini. Kila pointi walipima joto la maji na chumvi, kisha walishusha wavu mpaka karibu na chini na kuuvuta polepole hadi juu, boti ikitembea. Katikati ya mdomo wa wavu kulikuwa na rafadha ndogo ya kuhesabu maji. Maji yakipita inazunguka, na kila mzunguko unaandikwa kwenye kidirisha chake. Bila hiyo hujui umechuja maji kiasi gani, na kusema umepata uduvi mia ni sawa na kusema umetembea bila kusema umetoka wapi.

Ghuba ilikuwa na maji ya uvuguvugu, meupe, unaona mpaka chini. Kopo la mkiani lilitoa uduvi mia mbili na kitu. Shemeji akawahesabu kwa kibano, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, vile vile kama alivyokuwa anakula keki.

“Shem, ukimaliza kuwahesabu uwaite na majina,” fundi alimwambia.

“Wewe vuta winchi.”

Njiani kuelekea rasini shemeji alimweleza fundi kwa nini ana hamu na rasi. Upepo ulikuwa umevuma siku tano kutoka upande mmoja, sambamba na pwani. Upepo wa namna hiyo husukuma maji ya juu yaende bahari kuu, na pengo lile huzibwa na maji ya chini kabisa, ya baridi, yenye rutuba ya kila kilichooza huko kwa miaka. Yakifika kwenye jua, vijimea huchipuka mpaka bahari inageuka kijani. Uduvi huja kula. Ila hawakai pale maji yanapopandia, kwa sababu mkondo ungewabeba mpaka mbali. Wanajificha nyuma ya rasi, maji yanapogeuka na kuzunguka pale pale.

“Kama watu kwenye shughuli,” nahodha akasema kutoka usukani. “Hawakai mlangoni. Wanakaa karibu na jiko, ila pembeni, mwenye nyumba asiwatume.”

“Umeelewa kuliko profesa wangu,” shemeji akasema.

Rasini maji yalikuwa ya kijani kama supu ya mboga, na baridi yake ilimfanya fundi avae koti. Wavu ulishuka, ukapanda. Ulipanda mzito, winchi ikalalamika kidogo. Shemeji alifungua kopo akiwa tayari ametabasamu.

Uduvi arobaini na mmoja.

Akarudia upande wa pili wa rasi. Thelathini na nane.

“Uduvi wako wana akili,” fundi alisema. “Wameona baridi, wakaenda ghubani kuota jua. Hata mimi ningeenda.”

“Haiwezekani.”

“Kwa nini haiwezekani? Umewauliza?”

Shemeji akainama kutazama rafadha. “Na hii mbona imezunguka mara mia sita tu? Ghubani ilifika elfu tatu.”

Fundi akaipokea. Akaifungua kwa bisibisi ndogo, akapuliza, akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. Kusema kweli hakuona ubaya wowote. Lakini ameulizwa kama fundi, na fundi anayeulizwa hujibu.

“Imechoka,” akasema. “Baridi inakaza grisi ndani. Ghubani ipo vizuri kwa sababu kuna joto. Usiifuate hii. Tumia mwendo wa boti na dakika, hesabu itakuja ile ile.”

“Una hakika, shemeji?”

“Mimi nakuuliza kuhusu uduvi?”

Shemeji akaiandika ile mia sita, maana yeye aliandika kila kitu, kisha akachora mstari mdogo pembeni na neno moja: mbovu.

*

Mwezi huo shemeji alikuwa anakaa kwa dada yake, akilala sebuleni, na meza ya chakula aliigeuza ofisi. Alhamisi jioni familia ilikula sahani zikiwa mapajani kwa sababu ramani ilitandazwa mezani. Ghuba ya kaskazini aliipaka rangi ya chungwa iliyokolea. Rasi aliiacha karibu nyeupe, na kusini, walikovua wawili watatu tu, nyeupe kabisa.

“Sasa mbona kama mtu aliyefiwa?” mke wa fundi alimuuliza mdogo wake. “Si umemaliza?”

“Nimemaliza, dada. Ila sielewi. Miaka mitano nimefundishwa kwamba pale rasini ndipo pa kujaa. Upepo upo, baridi ipo, chakula kipo. Wenyewe hawapo.”

“Labda vitabu vyako viliandikwa na watu wasiotoka nje,” fundi akasema.

“Labda.” Hakucheka. “Nimeamua niamini nilichokivua. Siwezi kwenda mbele ya wenye meli nikasema wavu wangu unasema hivi ila mimi napenda vile. Nitawaambia wafunge ghuba.”

Fundi alitafuna kwa mapozi. “Na lile neno langu la kukimbia baridi?”

“Nimeliandika. Ukurasa wa tatu. ‘Kwa mujibu wa fundi wa kituo.’”

Mke wake akaweka kijiko chini. “Wewe? Kwenye kitabu?”

“Ripoti,” fundi akamsahihisha.

“Darasa la sita kwenye ripoti. Leo hatulali humu, tutasikiliza hadithi.”

Walicheka wote, na fundi aliomba aonyeshwe huo ukurasa wa tatu. Akausoma mara mbili. Akauliza kama haifai kuandika “fundi mkuu”.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi alitoa wavu stooni kuuosha. Hiyo ilikuwa desturi yake: kazi ikiisha, wavu unaoshwa maji baridi, unakaushwa kivulini, unakunjwa. Akautundika kwenye nguzo mdomo ukiwa juu, akafungua bomba, akaingiza mpira wa maji ndani.

Maji yakajaa.

Akadhani kopo la mkiani limeziba. Akalifungua, maji yakamwagika miguuni. Akalifunga tena, akaujaza. Juu, penye kitambaa cha zamani, maji yalipita kama hayakuona kitu. Chini, kwenye suruali, yalisimama kama kwenye ndoo, yakichuruzika tone moja moja. Akapitisha kidole kwa ndani. Kikatoka na ute wa kijani, mzito, unaovutika kama bamia.

Fundi alikaa kwenye kreti lililokuwa karibu.

Ute ule ulikuwa vijimea vya rasini. Kwenye kitambaa cha matundu makubwa vingepita vyote viende zao. Kwenye chake, chenye matundu madogo na tabaka mbili, viliganda dakika za mwanzo tu, na kuanzia hapo haukuwa wavu tena. Lilikuwa gunia lililojaa maji, linaloburutwa, likisukuma maji mbele yake. Uduvi gani atakaa kungoja gunia? Wengi waliruka pembeni. Ghubani maji yalikuwa meupe, hakuna cha kuziba, ndiyo maana kule ulivua vizuri. Hapenyi uduvi hata mmoja, alisema, na kweli hakupenya hata mmoja, kwa sababu karibu hakuingia hata mmoja.

Kisha akakumbuka rafadha.

Akainuka. Kwenye friji la maabara kulikuwa na barafu ya kuhifadhia sampuli. Akachota bakuli, akalitia maji, akaizamisha rafadha humo mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Akaitoa, akaipuliza. Ikazunguka kama feni mpya. Akaizamisha tena. Ikazunguka tena. Haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa inawaambia tangu Jumanne kwamba maji hayaingii, na yeye akaifunga mdomo kwa kusingizia grisi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkasi ulikuwa mfukoni. Dakika tano zingetosha kuikata suruali ile na kuitupa, na hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angejua. Shemeji angesimama kesho na ramani yake ya rangi ya chungwa, kamati ingefunga ghuba, meli zingeingia rasini. Labda mwaka mmoja upite. Labda miwili. Halafu mtu mwingine aje na wavu mwingine, akute rasini walikuwepo tele, na jina litakaloulizwa ni la shemeji. La fundi halingeulizwa. Lingekuwa ukurasa wa tatu tu, limetulia.

“Unaogesha mtoto?” nahodha alisema nyuma yake. Alikuwa amebeba mfuko wake, amevaa shati la kwenda nyumbani.

“Nausafisha.”

“Na uso huo? Umekuwa kama umemeza sindano.”

“Nimeimeza,” fundi akasema, akamwacha pale, akaenda maabara.

Shemeji alikuwa anachapisha. Mashine ilikuwa inatema ukurasa mmoja mmoja, naye anaupanga. Fundi alisimama mlangoni, mikono inachuruzika maji ya barafu.

“Shem, zima hiyo mashine.”

“Imebaki kurasa nne. Unataka niongeze ‘mkuu’, nimeshaongeza.”

“Ifute. Nifute mimi mzima mzima.”

Akamweleza. Hakuzunguka mbuyu, hakusema kitambaa kilikuwa kibovu au stoo haikuwa na kingine. Alisema: nilitia kitambaa cha matundu madogo, nikakitia mara mbili, ukaniuliza nikakujibu kwa kiburi. Rafadha ni nzima. Nimeipima kwenye barafu. Nilikudanganya bila kujua kwamba nadanganya, lakini nilijua kwamba sijui.

Mashine ilitema ukurasa wa mwisho. Shemeji hakuugusa.

“Siku ya harusi yako,” shemeji akasema, “mtu aliniambia keki imekwisha. Nikaamini. Kumbe ilikuwa imejaa jikoni. Ulikuwa wewe.”

“Nilikuwa mimi.”

“Basi hujabadilika.”

Akavuta daftari. Alipeleka kidole mpaka kwenye neno mbovu, akalikata, akaanza kubonyeza kikokotoo. Mia sita badala ya elfu tatu. Kila uduvi wa rasini akahesabiwa mara tano. Akakokotoa pointi zote sita, akaegemea kiti.

“Rasi imepanda. Imelingana na ghuba. Imelingana tu.”

“Kwa sababu wengine walikimbia gunia,” fundi akasema. “Hao hesabu haiwezi kuwarudisha.”

“Haiwezi. Na kesho wenye meli wataniuliza kwa nini nimeamini kifaa ambacho fundi mwenyewe alikitangaza marehemu. Nahitaji mvuto mmoja. Rasini, leo, kwa wavu wa kweli.” Akatazama saa ya ukutani. “Wavu wa kweli tunao?”

“Nipe saa moja.”

Kipande cha zamani kilikuwa bado juu ya kabati. Fundi alikitandaza sakafuni: matambara matatu yaliyoshikana kwa nyuzi. Akaikata suruali ya harusi, akaanza kushona lile tambara mahali pake kwa mshipi wa kuvulia samaki, mbio mbio, mafundo yamejitokeza, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kama mtu mwingine angemletea kazi ya namna ile angemfukuza na kumsindikiza mpaka geti. Hakuwa amewahi kushona kitu kibaya kiasi hicho tangu azaliwe.

Ikabaki kumwambia nahodha, aliyekuwa bado anapiga soga getini.

“Turudi majini,” fundi akasema.

“Kazi si imeisha?”

“Imeisha vibaya.”

“Sababu?”

Fundi alimtazama mtu yule. Nahodha alikuwa mtu mwema, lakini mdomo wake ulikuwa kipaza sauti. Alichoambiwa asubuhi, mchana kilikuwa sokoni. Fundi angeweza kusema shemeji ameongeza pointi. Angeitikiwa, na jambo lingeishia hapo.

“Sababu ni mimi,” akasema. “Niliuziba wavu kwa mikono yangu.”

Akamweleza yote, na suruali, na barafu. Nahodha aliweka mfuko chini. Alianza kucheka mabegani, halafu tumboni, mwisho akashika nguzo ya geti.

“Miaka ishirini na sita,” alisema akifuta macho. “Miaka ishirini na sita nimeingoja siku hii. Mke wangu ataipenda sana. Haya, twende.”

*

Rasini upepo ulikuwa bado unavuma upande ule ule, na maji yalikuwa ya kijani vile vile. Shemeji alimwelekeza nahodha apite nyuma kidogo ya ncha, pale povu lilipokuwa linazunguka taratibu bila kwenda popote. Fundi akashusha wavu. Alikuwa anasikia kila fundo lake likipita kwenye ukingo wa boti, baya moja baada ya jingine.

Nahodha alinyamaza, jambo ambalo lingefaa nalo kuandikwa daftarini.

Winchi ilipovuta, ilivuta kwa wepesi. Maji yalikuwa yanapita. Mdomo wa wavu ukatokea, ile pete ya chuma, kisha tambara la fundi, na mwisho kopo. Lilikuwa limebadilika rangi. Lilikuwa la waridi mpaka juu, linatetemeka, na macho meusi madogo yamebanana kwenye plastiki yake angavu maelfu kwa maelfu.

Shemeji alipiga magoti kwenye sitaha iliyolowa. Alisoma rafadha kwanza.

“Elfu mbili mia tisa,” akasema. Kisha akalikumbatia kopo lile na harufu yake yote, na akakaa hivyo.

“Kibano hicho hapo,” fundi alimwambia. “Anza kuhesabu. Utamaliza ukiwa bibi.”

“Wa leo napima kwa uzito,” shemeji akasema bila kuinua uso. “Wewe tazama mishono yako. Kuna mahali naona kidole changu.”

“Iache hivyo hivyo,” fundi akasema.

*

Jumamosi ukumbi wa kamati ulijaa. Ramani ilikuwa mpya, wino haujakauka vizuri, rasi imekolea rangi ya chungwa na ghuba imepauka. Mwenye meli mmoja, mtu wa tai, alisimama akasema amesikia kwamba hadi juzi ramani ilikuwa kinyume, na kwamba labda binti akalale kwanza ndipo aje kufundisha watu wazima.

Shemeji alifungua mdomo. Kabla hajasema, kiti kilikwaruza nyuma.

“Ilikuwa kinyume kwa sababu wavu uliziba,” fundi akasema. “Niliuziba mimi. Yeye aligundua kisichoelekea siku ile ile ya kwanza, akaniuliza, nikamjibu upuuzi. Kama unataka kumlaza mtu, nilaze mimi. Nyavu zote mbili nimekuja nazo, uzuri wangu na ubaya wangu. Mwagieni maji mwone.”

Alikuwa nazo kweli, kwenye gunia: wavu wenyewe, na ile suruali iliyokatwa. Walileta ndoo. Mwenyekiti wa kamati alimwaga mwenyewe, na mtu wa tai ndiye aliyekuwa amesimama karibu zaidi suruali ilipofurika. Baada ya hapo mjadala haukuwa mrefu. Rasi ilifungwa kwa miezi minne, kuanzia wiki iliyofuata.

Kwenye ripoti ya mwisho ukurasa wa tatu ulibadilika. Lile neno la kukimbia baridi liliondoka. Badala yake kulikuwa na sentensi moja, na shemeji aliisoma kwa sauti mbele ya dada yake kabla ya kuipeleka: “Kwa mujibu wa fundi mkuu wa kituo, kifaa cha kuhesabu maji hakikuwa kimechoka.”

“Umeweka ‘mkuu’,” fundi alisema.

“Uliomba.”

Gatini walianza kumwita Suruali kabla ya Jumatatu. Nahodha alihakikisha. Fundi alinuna siku mbili, siku ya tatu akaitika.

Ila aliyewashinda wote alikuwa mkewe. Alikuta kwenye gunia kipande kilichosalia cha kile kitambaa cheupe, kisichowahi kuingia baharini, akakifua, akakikunja mara mbili, akakishona kwenye kikombe cha waya kiwe chujio. Jioni hiyo walikaa kungoja chai. Walingoja sana. Kila mara fundi akichungulia, birika lilikuwa limeinamishwa na chai imesimama kwenye chujio, ikidondoka tone moja moja.

“Hili chujio lina nini?” akauliza.

Shemeji hakuinua macho kwenye karatasi zake.

“Limechoka,” akasema. “Baridi inakaza grisi ndani.”